Difu Ikilia: Namna ya Kuusaka Mlio wa Nyuma ya Gari Kabla ya Kufungua Chochote

Msimu wa korosho unapofunguka, kati ya Oktoba na Desemba, pikapu na Kanta za Tandahimba, Newala na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, hubebeshwa kwa wiki chache mzigo ambao hazikuuona mwaka mzima. Ndipo milio ya nyuma inapoanza: mvumo unaopanda na mwendo, kugonga wakati wa kuondoka, kukwaruza kwenye kona. Ukifika gereji, jibu la haraka ni "difu imekufa", yaani lile boksi la gia la katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa tairi mbili. Mara nyingi si kweli. Mlio wa beringi ya tairi, krosi (kiungo kinachojikunja) ya propela (shafti ndefu inayotoka gia boksi hadi difu) au tairi lenyewe husafiri kwenye ekseli na bodi, ukamfikia dereva kana kwamba unatoka katikati kabisa. Difu ikafunguliwa bure, na difu iliyofunguliwa bila vipimo hurudi na mlio ambao haikuwa nao.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: sikiliza barabarani, hesabu mizunguko, shika kwa mkono chini ya gari, soma oili. Kufungua difu kunakuja mwisho, na ni pale tu hatua zote za mwanzo zinapoelekeza huko.

Nyuma ya gari lako kuna nini?

IST, Vitz na Passo nyingi zinavutwa na tairi za mbele tu, na nyuma hazina difu wala propela. Mvumo wa nyuma kwenye gari hizo ni tairi, beringi au breki, na ukiambiwa habari za difu ondoka hapo ulipo. Hilux, Hiace, Kanta, Mark II na Land Cruiser zina difu ya nyuma ndani ya ekseli au chini ya bodi, na propela inayotoka gia boksi.

Tofauti moja ni muhimu kuijua mapema. Kwenye Hilux nyingi beringi ya tairi la nyuma imekandamizwa kwenye haf shafti yenyewe, yaani shafti inayotoka difu hadi tairi, kwa hiyo shafti inabeba uzito na inazungusha pia. Kwenye Land Cruiser za namba 70, haf shafti inazungusha tu. Uzito unabebwa na hab (kitovu cha gurudumu) yenye beringi mbili za koni, na beringi hizo zinakazwa na kurekebishwa. Kinachohitaji mashine ya kukandamiza kwenye gari la kwanza kinaweza kumalizwa kwa kukaza nati vizuri kwenye la pili.

RAV4 na Harrier za magurudumu manne zina difu ndogo nyuma na kiunganishi mbele yake, kinachoipelekea nguvu pale inapohitajika. Kwa gari hizi, kabla ya yote, pima matairi manne. Tairi moja jipya na matatu yaliyoisha yanakilazimisha kiunganishi kifanye kazi muda wote hata kwenye lami kavu, na gari litanguruma na kukaza kwenye kona bila kifaa chochote kuwa kimekufa.

Kabla hujatoka barabarani

Toa kila kinachogonga: jeki, spana, mnyororo, dumu, kiti kilicholegea. Kwenye pikapu, chungulia tairi la akiba chini ya bodi. Mnyororo wake ukilegea, tairi hilo linapiga chesisi kwenye kila tuta kwa sauti nzito inayofanana sana na difu yenye mchezo, yaani iliyolegea. Pia tingisha bomba la moshi kwa mkono injini ikiwa baridi. Bomba linalogusa ekseli au bati la kukinga joto lililokatika hutoa mvumo unaomdanganya hata fundi mzoefu.

Pima upepo wa matairi, kisha pitisha kiganja juu ya uso wa kila tairi, ukienda mbele na ukirudi nyuma. Kama upande mmoja unateleza na mwingine unakukwaruza kama meno ya msumeno, tairi hilo limeliwa kwa ngazi na litavuma. Tairi la namna hii ndilo linaloongoza kwa kusingiziwa difu.

Safari ya majaribio

Chagua lami iliyonyooka na isiyo na msongamano. Kwa aliye Mtwara mjini, asubuhi na mapema kuelekea Mikindani panafaa. Kwa aliye Lindi, barabara ya kwenda Mingoyo. Nenda na mtu wa pili, yeye akae kiti cha nyuma asikilize, wewe uendeshe. Tembea kilomita 10 kwanza. Oili baridi ni nzito na huficha milio.

Jaribio la kwanza ni la gia. Shika kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya tatu, kisha ya nne, kisha ya tano, mwendo ukiwa ule ule. Injini inabadilisha mzunguko, tairi na propela hazibadilishi. Mlio ukibadilika kila unapobadilisha gia, uko kwenye injini, klachi au gia boksi, na huna haja ya kulala chini nyuma. Ukibaki vilevile, unafuata mwendo wa gari, maana yake uko kwenye propela, difu, beringi au matairi. Ukimaliza, simama, weka frii, kanyaga mafuta hadi mzunguko ule ule. Mlio ukisikika gari likiwa limesimama, ni injini, moshi au kinachozungushwa na injini.

Jaribio la pili ndilo lenye habari nyingi, nalo ni la mguu. Kwa mwendo ule ule wa kati ya 60 na 80, ipe difu hali nne: livute gari kwa kukanyaga mafuta, shikilia mafuta kidogo tu ili gari lisivutwe wala lisirudishwe, achia mafuta kabisa ukiwa ndani ya gia, mwisho weka frii kwa sekunde chache. Frii ifanyike kwenye tambarare tu. Usithubutu kuifanya kwenye mteremko kama ule wa kushuka kutoka Newala upande wa Masasi, na usizime injini gari likitembea: breki zinakuwa ngumu na usukani unaweza kujifunga.

Ndani ya difu, gia ndogo inayozungushwa na propela, iitwayo pinioni, inaizungusha gia kubwa iitwayo krauni. Jino la krauni lina nyuso mbili. Uso mmoja unabeba kazi gari linapovutwa, mwingine unabeba gari linaporudishwa na injini. Mluzi unaosikika ukikanyaga na kupotea ukiachia unatoka kwenye uso wa kwanza: meno yameliwa, au pinioni haijakaa kina chake. Mluzi wa kuachia tu unatoka uso wa pili, na mara nyingi sababu yake ni beringi za pinioni zilizolegea, kwa kuwa pinioni inapata nafasi ya kusogea mbele na nyuma mzigo unapogeuka. Mvumo usiojali mguu, uko palepale ukikanyaga, ukiachia, hata ukiwa frii, ni wa beringi au tairi.

Jaribio la tatu ni la uso wa barabara. Toka kwenye lami uingie vumbi laini, au lami ya zamani uingie mpya. Mvumo wa tairi hubadilika papo hapo, na mara nyingine hupotea kabisa. Difu haijui kama iko juu ya lami au mchanga.

La nne, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia ukiwa kwenye kilomita 50, mahali peupe pasipo na bodaboda. Ukikata kulia, uzito unahamia kushoto. Mvumo ukikua hapo, ishuku beringi ya tairi la kushoto. Ukikua unapokata kushoto, ishuku ya kulia. Difu yenyewe haibadiliki kwa hili.

La tano, ingia uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho, zunguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, mara tatu kila upande. Kwenye kona ndipo gia ndogo za ndani ya difu zinapofanya kazi. Kwenye barabara iliyonyooka zinapumzika. Kwa hiyo mlio wa kona peke yake, wa kusaga au wa kugonga ko, ko, ko, unaelekeza kwenye gia hizo, pini yake, au washa zake. Lakini kama gari lina difu ya kujifunga kwa pleti, kutetemeka na kunguruma kwenye kona mara nyingi ni oili isiyofaa tu. Difu hiyo inataka oili iliyoandikwa LSD, na kubadilisha oili kwa shilingi chache kumewahi kuokoa difu nyingi. Na kama ni pikapu ya 4x4, hakikisha kwanza gia ya magurudumu manne haijaingia. Ukiiacha kwenye lami kavu, kona itagonga na kukaza hata gari likiwa jipya.

Mwisho, ondoka na usimame mara kadhaa, mbele na rivasi. Kugonga mara moja, gudu, kila unapobadilisha mwelekeo, ni mchezo uliokusanyika mahali fulani kati ya gia boksi na tairi. Swali ni wapi, na jibu linapatikana chini ya gari.

Hesabu mizunguko

Hapa panahitaji utulivu, na ndipo wengi wanaporuka. Propela huzunguka mara nyingi zaidi ya tairi. Kwenye pikapu nyingi uwiano wa difu ni karibu 4.1: tairi likienda mzunguko mmoja, propela na pinioni zinakwenda minne na kidogo. Krauni inakwenda sawa na tairi. Kwa hiyo mlio wenye mapigo unaweza kukuambia wenyewe unatoka wapi.

Piga alama ya chaki kwenye ubavu wa tairi la nyuma, chini kabisa panapogusa ardhi, na alama nyingine ardhini. Kwenye uwanja tambarare, dereva aliendeshe gari gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta. Msikilizaji atembee pembeni, usawa wa tairi la nyuma, si nyuma ya gari na si karibu ya kukanyagwa. Asikilize mapigo mangapi yanatoka kuanzia chaki iwe chini hadi irudi chini tena.

Pigo moja kwa mzunguko wa tairi: tafuta kwenye tairi, ngoma ya breki, diski, haf shafti, au jino la krauni lililovunjika. Mapigo manne na ushee: propela au pinioni. Krosi kavu inaweza kulia mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, kwa hiyo ukisikia nane hivi usishangae. Sauti yake ni nyembamba, kama ya ndege, ki-ki-ki-ki, inaonekana ukianza kutembea na inamezwa na kelele nyingine mwendo ukipanda. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, tairi lenye mzingo wa mita 2.3 linazunguka mara 36 kwa dakika, propela yake karibu 150. Sikio linazitofautisha bila shida.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza milio ya mwendo kasi. Kwenye kilomita 80, tairi hilo linakwenda karibu mizunguko 10 kwa sekunde, propela karibu 40. Ndiyo maana beringi ya tairi au ya krauni hunguruma kwa sauti nzito, ilhali beringi ya pinioni hulia juu zaidi, inakaribia mluzi.

Onyo moja: ukiinua tairi moja tu kwa jeki na kulizungusha, lingine likiwa chini limesimama, hesabu inabadilika. Difu inagawa nusu kwa nusu, kwa hiyo tairi lizungushwe mara mbili ndipo propela ipige minne na ushee. Wengi wamesoma uwiano nusu ya ulivyo kwa kusahau hili, wakaenda kununua difu isiyofanana na gari.

Chini ya gari: propela

Simamisha gari kwenye sakafu ngumu. Mchanga wa Mtwara haufai kwa jeki. Kama hakuna sakafu, weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Weka kabari nne kwenye tairi za mbele, inua ekseli ya nyuma, kalisha kwenye stendi mbili. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala matofali. Tofali hupasuka bila taarifa. Na injini isiwashwe gari likiwa kwenye stendi huku mtu yuko chini. Kwenye 4x4 au difu ya kujifunga, gurudumu moja lililogusa ardhi linatosha kulivuta gari zima kutoka kwenye stendi.

Gia iwe frii, hendibreki imelegezwa. Shika propela kwa mikono miwili karibu na krosi na uizungushe huku na huku ukitazama, macho yakiwa karibu kabisa na kofia za krosi, yaani vikombe vinavyofunika ncha zake nne. Kofia na krosi zisogee kama kitu kimoja. Ukiona upande mmoja unatangulia hata kwa unene wa kucha, krosi imeisha. Kisha isukume juu na chini. Angalia pia vumbi: unga mwekundu kama kutu ya kahawia kuzunguka mdomo wa kofia ni beringi za sindano zilizokauka na kusagika. Gari linalokwenda Msimbati na kuingia kwenye mchanga wa ufukweni hulionyesha hili mapema, kwani chumvi huingia kwenye sili ya kofia na grisi haitoki tena.

Krosi yenye nipo (kichwa kidogo cha kupampia grisi), pampu mpaka grisi mpya itoke kwenye kofia zote nne. Ikitoka tatu, ya nne ndiyo itakayokufa. Legeza propela, izungushe kidogo, pampu tena. Sehemu ya propela inayoteleza haitaki wingi huo. Pampu chache tu, hadi grisi inaanza kujitokeza. Ukiijaza kupita kiasi haiwezi kujifupisha gari linapoingia shimoni, na nguvu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye beringi za gia boksi na pinioni.

Kabla ya kushusha propela, chora mstari wa rangi kwenye flanji zote mbili (sahani zinazofungwa pamoja kwa bolti) na kwenye sehemu inayoteleza. Ikirudishwa imegeuka, masikio ya ncha mbili za shafti hayatakuwa kwenye mstari mmoja, na gari litatetemeka kuanzia kilomita 60 au 70 hata kama krosi ni mpya. Ukiona gari lilianza kutetemeka baada ya kazi ya klachi au gia boksi, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Hiace, Kanta na pikapu ndefu zina propela ya vipande viwili na senta beringi katikati. Mpira wake ukichanika, gari lenye mzigo hutetemeka kwa nguvu wakati wa kuondoka, kisha hutulia likishachanganya mwendo. Weka mkono kwenye shafti karibu na beringi hiyo uisukume juu: kuyumba kidogo kwa mpira ni kawaida, lakini mpira uliokatika utauona kwa macho.

Usiondoke chini bila kugonga yu-bolti za springi, zile za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, kwa nyundo ndogo. Iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Msimu wa mizigo hulegeza yu-bolti, ekseli ikaanza kujipindua kidogo kila unapokanyaga mafuta, na hapo unapata gudu la kuondoka huku difu ikiwa nzima kabisa.

Tairi, breki na beringi

Zungusha kila tairi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika springi. Beringi mbovu huisikii kwa sikio tu. Mtetemo wake unaufikia mkono kupitia chuma. Kisha shika tairi juu na chini, litikise. Kwenye Land Cruiser mchezo unaweza kuwa wa kukaza. Kwenye Hilux mchezo wa juu na chini maana yake ni beringi kubadilishwa.

Kwa magari yanayotoka barabara za kokoto kama ya Liwale, fungua ngoma au chungulia nyuma ya diski kabla ya kulaumu chochote. Kijiwe kilichokwama kati ya diski na bati lake hutoa mkwaruzo unaotisha, na dawa yake ni kurudi nyuma mita chache au kulisukuma bati kwa bisibisi. Ukikuta ngoma ina oili, sili ya ekseli imeachia. Usiibadilishe kabla hujaangalia briza ya difu, ile bomba ndogo juu ya ekseli. Ikizibwa na tope, hewa ya moto ndani haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili, na sili mpya itavuja kama ya zamani.

Baada ya safari ya kilomita 20 bila kutumia breki sana, linganisha joto la hab ya kushoto na ya kulia kwa kipimajoto cha miale, au kwa kusogeza kiganja bila kugusa. Upande wenye joto zaidi kwa tofauti inayoonekana ndio wa kufungua.

Oili ya difu inavyosomeka

Legeza kwanza plagi ya kujazia, ile ya ubavuni. Ukimwaga oili kisha ukagundua plagi ya juu imegoma, gari litalala hapo. Oili iwe ya moto kidogo, imwage kwenye beseni safi, na uitazame kwenye mwanga wa jua.

Oili nyeusi isiyo na chenga ni ya zamani tu. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Difu yenye moto ikitumbukia ghafla kwenye maji ya mafuriko, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji kupitia briza na sili. Baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye ekseli, kagua oili siku hiyo hiyo au kesho yake. Usisubiri mlio, maana mlio ukija kutu imekwishakula beringi. Ukiwa na shaka, weka tone kwenye kijiko kilichopashwa moto na ulisogeze uso mbali: likichachatika kama kitunguu kwenye mafuta, kuna maji.

Kisha plagi ya kumwagia, yenye sumaku. Futa kilichonasa kwenye karatasi nyeupe na ukisugue kati ya vidole. Uji laini wa kijivu usio na punje ni uchakavu wa kawaida. Magamba membamba yanayong'aa, mfano wa magamba ya samaki mdogo, ni uso wa beringi unaobanduka. Vipande vyenye kona na unene ni meno, na gari hilo lisitembee tena hata hadi barabara kuu. Kipande kikiingia kati ya pinioni na krauni, difu inaweza kujifunga ghafla ukiwa kwenye mwendo.

Kama oili ilikuwa pungufu au mbaya lakini sumaku ni safi, jaza mpya, endesha kilomita 100, sikiliza tena kabla ya kuamua lolote. Oili iwe ya difu yenye alama ya GL-5, kwa kawaida 80W-90. Kwa gari la mizigo katika joto la pwani, 85W-140 inatumika pale kitabu cha gari kinaporuhusu. Pikapu ya kawaida inachukua kati ya lita 2 na 3. Jaza hadi oili iguse mdomo wa chini wa tundu. Usiweke oili ya gia boksi ya otomatiki, wala usijaze grisi ili kuzima mlio. Grisi haifiki kwenye beringi za pinioni. Mlio unapungua wiki moja, beringi zinaungua wiki ya pili.

Mchezo wa pinioni

Sasa shika flanji ya pinioni, propela ikiwa imeshushwa. Ivute juu, chini, mbele, nyuma. Inatakiwa isicheze hata kidogo katika pande hizo. Ikicheza, beringi za pinioni zimelegea au zimeisha. Kisha funga hendibreki na uzungushe flanji huku na huku: mzunguko mdogo ni halali, kwa sababu unajumlisha nafasi kati ya meno, gia ndogo na meno ya haf shafti. Ukizidi sana, na krosi ulikwishazithibitisha kuwa nzima, ndipo gudu lako lilipo.

Nati ya pinioni ndiyo iliyoua difu nyingi kuliko mizigo. Kwenye difu nyingi za pikapu, ndani kuna bomba fupi la chuma kati ya beringi mbili, na bomba hilo hubonyea nati inapokazwa ili beringi zipate mkazo wake. Halirudi likishabonyea. Fundi anayebadilisha sili na kuikaza nati kwa bomba refu hadi ishindikane ameshazibana beringi kupita kiasi. Baada ya wiki chache zinaungua na kulia. Njia sahihi: kabla ya kufungua, pima kwa kipimo cha mkazo nguvu inayotakiwa kuizungusha pinioni, piga alama ya rangi kwenye nati, ncha ya shafti na flanji, hesabu mizunguko ya kufungua, urudishe hadi alama zikutane. Pima tena, mkazo usipungue ule wa mwanzo. Ukipitiliza, usiilegeze nati ukadhani umerekebisha. Bomba jipya ndilo dawa.

Ikibidi kufungua

Piga alama kwenye kofia za beringi za krauni, kushoto na kulia, maana hazibadilishani. Safisha meno, kisha pima nafasi kati ya krauni na pinioni kwa geji ya mshale iliyosimikwa kwenye jino. Toyota nyingi ndogo zinataka kati ya milimita 0.13 na 0.18, fuata kitabu cha gari husika. Pima sehemu nne za krauni. Zikitofautiana sana, krauni imepinda au kuna uchafu chini yake.

Paka meno matano au sita rangi ya mafuta ya njano iliyochanganywa na grisi kidogo, zungusha pinioni mbele na nyuma huku msaidizi akiizuia krauni kwa kipande cha mti. Alama ikae katikati ya jino. Ikikaa juu, kwenye kilele, pinioni iko mbali: ongeza unene wa washa yake. Ikizama kwenye shina la jino, pinioni iko karibu mno: punguza. Ikikimbilia ncha nyembamba ya ndani, isogeze krauni mbali na pinioni. Ikikimbilia ncha pana ya nje, isogeze karibu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, upake rangi tena. Kazi hii inaweza kurudiwa mara tano, na fundi anayeirudia ndiye wa kumpa pesa yako.

Beringi zikiwa mbovu lakini meno hayana makovu, badilisha beringi na sili zote pamoja, uache krauni na pinioni ya zamani. Zimeshazoeana. Zikiharibika meno, zinanunuliwa kama jozi, na namba zilizochongwa kwenye pinioni na krauni zilingane. Usikubali krauni ya hapa na pinioni ya pale.

Ukichukua difu ya mtumba, hesabu meno mwenyewe: krauni 41 na pinioni 10 ni 4.1, krauni 39 na pinioni 10 ni 3.9. Kwenye 4x4, uwiano wa nyuma lazima ulingane na wa mbele, la sivyo ukiingiza magurudumu manne gari linajikaza lenyewe hadi kitu kivunjike. Zungusha pinioni kwa vidole, iwe laini na nzito kidogo, isiyo na vituo. Meno yenye rangi ya buluu yaliwahi kuungua kwa kukosa oili. Iache hapo hapo.

Krauni na pinioni mpya zikishafungwa, safari ya kwanza iwe ya dakika 15 hadi 20 bila mzigo, kisha gari lipoe kabisa. Rudia hivyo mara mbili tatu. Kilomita 800 za mwanzo usivute tela wala usipakie magunia, halafu mwaga oili hiyo, futa sumaku kwenye karatasi nyeupe kama mwanzo, na ujaze nyingine.